Mwanafunzi wa chuo akisema "Alhamdulillah", mzazi muulize tena

Ujumbe uliingia katika simu ya dada yangu usiku, baada ya swala ya Isha, akiwa nyumbani kwake Tanga anaroweka mchele wa vitumbua vya asubuhi. Ulimwambia kuwa binti yake ni tapeli, kwamba amekula fedha za watu na kujificha, na kuwa asipolipa kabla ya saa sita mchana wa siku inayofuata, picha yake ingesambazwa kwa kila mtu aliyemo katika simu yake. Haikupita muda ujumbe huo huo ukanifikia mimi, Dar es Salaam. Ukamfikia ustadhi wake wa madrasa. Ukamfikia hata fundi cherehani aliyewahi kumshonea baibui.

Mtoto huyo tumemlea kwa macho yetu. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimojawapo hapa jijini, na katika ukoo wetu ndiye wa kwanza kufika huko. Amenipa ruhusa nisimulie yaliyomkuta, kwa sharti la kutotajwa jina, kwa sababu anaamini wako wengine wengi waliomo katika shimo lile lile, na wazazi wao hawana habari.

Siku chache kabla ya ujumbe ule alikuja kwangu kunisalimia. Nilimuuliza, "Masomo vipi, mwanangu?" Akajibu, "Alhamdulillah, mjomba." Nikampa shilingi 5,000 za nauli, akaenda zake, nami nikalala nikijiona nimetimiza wajibu wa ujomba. Makala haya nayaandika kwanza kwa kujilaumu mwenyewe.

Hesabu ambayo hatukuipiga

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewawezesha watoto wengi wa masikini kusoma. Lau si mkopo huo, mpwa wangu asingevuka lango la chuo. Hata hivyo, wazazi wengi tunadhani kuwa mtoto akishapata mkopo, basi mzigo umetuondoka mabegani. Ukweli ni kwamba mkopo hutolewa kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo na mengineyo, na si kila mwanafunzi hupata kila fungu kwa ukamilifu. Posho ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, kwa anayepata kiwango kamili imepandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mpwa wangu hakupata kiwango hicho. Yeye alipata shilingi 5,500 kwa siku, yaani shilingi 330,000 kwa kila siku 60.

Tuliketi naye baadaye, mimi na mama yake tuliyemwita kutoka Tanga, tukaifanya hesabu ambayo ilipasa tuifanye siku ile alipopata barua ya kujiunga na chuo. Hakuwa na nafasi katika mabweni. Chumba alichopanga na mwenzake kilimgharimu shilingi 60,000 kwa mwezi kwa upande wake, yaani 120,000 kwa siku 60. Zikabaki shilingi 210,000, sawa na 3,500 kwa siku. Nauli ya daladala kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 1,200. Zikabaki 2,300. Humo ndimo kulimo chakula, sabuni, umeme, kunakili kazi za darasani, na bando la simu ambalo siku hizi bila ya hilo mwanafunzi hapati masomo yake. Sahani moja ya wali na maharage kwa mama ntilie na chupa ya maji vinatosha kuzimaliza.

Hayo bado hatujayagusa masuala ya ada. Mkopo ulilipia sehemu tu ya ada yake, na shilingi 400,000 zilizosalia zilikuwa juu ya familia. Mama yake alipeleka 150,000 na kuahidi nyingine. Ahadi ile ikaangukia katika miezi ya mvua, wateja wakapungua, na mtaji wa vitumbua ukaliwa nyumbani. Mitihani ilipokaribia, binti akachukua fedha ya chakula akailipia ada ili aruhusiwe kuingia katika chumba cha mtihani. Hakumwambia mama yake. "Niliona nikimwambia nitamwongezea maradhi tu," alituambia, "maana najua hana."

Swaumu ambayo wenzake waliisifu

Kuanzia hapo alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Kisha akaongeza siku nyingine. Wenzake katika jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu walimsifu kwa uchamungu, na wengine wakamwomba awaombee dua. Yeye mwenyewe anasema nia yake ilichanganyika: swaumu ilikuwepo, lakini na chungu kilikuwa kitupu. Jioni alifuturu kwa maji na tende alizopewa msikitini, na kama mwenzake wa chumbani amepika, alikula pamoja naye. Mwenzake akisafiri, alilala hivyo hivyo.

Hapa ndipo tunapokumbushwa jambo zito katika Qur'an Tukufu. Katika Suratul-Baqara, aya ya 273, Allah (s.w.) anawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani kuwa ni matajiri, kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Alama yao ndiyo inayowatambulisha, si maneno yao. Wafasiri wengi wameihusisha aya hiyo na Ahlus-Suffa, masahaba masikini waliokuwa wakiishi chini ya kivuli cha Msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Nao walikuwa wanafunzi: waliacha shughuli za dunia ili wajifunze dini.

Mmoja wao, Abu Hurayra (r.a.), amesimulia katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kwamba siku moja njaa ilimzidi hata akafunga jiwe tumboni. Akakaa njiani wanapopita watu. Akapita Abu Bakr (r.a.), naye akamuuliza juu ya aya ya Qur'an, si kwa kutaka jibu bali kwa kutaraji amkaribishe chakula. Abu Bakr akapita. Akapita Umar (r.a.), akamuuliza vile vile, naye akapita. Kisha akapita Mtume (s.a.w.), akautazama uso wake, akatabasamu na kumwita amfuate nyumbani, palipokuwa na bakuli moja la maziwa. Kwa bakuli hilo, kwa baraka za Allah, walikunywa Ahlus-Suffa wote, akanywa Abu Hurayra mpaka akashiba, na Mtume (s.a.w.) akanywa wa mwisho.

Masahaba wawili wale ni wabora wa umma huu, na hawakutambua kilichokuwa nyuma ya swali. Kama wao haikuwadhihirikia, sisi tuna uhakika gani kwamba neno "Alhamdulillah" la kijana wetu lina maana kuwa ameshiba? Mwanafunzi mwenye haya haombi. Yeye hukaa njiani tu, akauliza jambo jingine. Mpwa wangu alikuja kwangu siku ile bila ya sababu yoyote, saa ya chakula cha mchana, siku ya katikati ya wiki. Nilimpa jibu, nikamwacha aende.

Anayengoja mlangoni

Penye aibu na njaa, hapakosi mtu wa tatu. Kwa mpwa wangu mtu huyo alikuwa ndani ya simu. Programu ya mikopo ilimtaka aweke namba ya kitambulisho, aruhusu isome orodha ya majina yaliyomo katika simu yake, na ndani ya dakika chache fedha ikaingia. Aliomba shilingi 60,000. Alipokea 42,000, kwa kuwa zilizobaki zilikatwa kabla, na akatakiwa arudishe 60,000 kamili baada ya siku saba. Siku ya saba hakuwa nazo. Akakopa katika programu ya pili ili ailipe ya kwanza, na katika ya tatu ili ailipe ya pili. Katika muda wa wiki sita alikuwa anadaiwa na programu nne jumla ya shilingi 385,000, ilhali fedha iliyofika mkononi mwake haikutimia 200,000.

Mitaani mikopo ya namna hii imepewa jina la kausha damu, na jina limeisadifu. Ubaya wake ni wa namna mbili. Kwanza ni riba, ambayo Allah na Mtume wake wameitangazia vita. Pili, ni biashara inayoifanya aibu ya mtu kuwa dhamana: badala ya kushika kiwanja au pikipiki, inashika jina lako mbele ya mama yako. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliwatangazia wananchi orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila ya leseni. Hali kadhalika, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeunda tume ambayo mtu aliyetendewa hivi anaweza kuipelekea malalamiko. Basi aliyefikwa na ujumbe kama ule asiufute. Autunze kama ushahidi. Asikope kwingine ili alipe. Na amwambie mtu wake wa karibu mapema, kabla wao hawajamwambia, kwani siri ikishatoka, silaha yao imevunjika.

Kwa wengine anayengoja mlangoni huwa mwingine. Kwa vijana wa kiume huwa ni kamari ya mechi: anachukua sehemu ya bumu anaweka mkeka, kwa matumaini ya kuizidisha kabla ya kodi ya chumba kufika. Hiyo ni maysir iliyokatazwa kwa nasi ya Qur'an, na kwa hesabu ya kawaida tu ni njia ya kuipoteza fedha ya chakula kwa siku moja. Kwa mabinti huwa ni mtu mzima mwenye gari, anayejitolea "kusaidia", na msaada wake una bei ambayo haitajwi siku ya kwanza. Mzazi anayemwonya bintiye kuhusu watu hao bila ya kumuuliza amekula nini, ameonya nusu tu.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akikithirisha kujikinga kwa Allah na deni ndani ya swala yake. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa mtu akiingia katika deni, huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja. Mpwa wangu anasema hayo ndiyo yaliyomuumiza zaidi ya njaa. Alijikuta anamdanganya mwenzake wa chumbani, mwalimu wake, na mimi mjomba wake.

Tulivyotoka

Hatukuwa na fedha ya kulipa yote kwa siku moja. Tulianza kwa karatasi. Tulimtaka aandike kila deni, la mtandaoni na la rafiki, bila ya kuficha hata shilingi mia tano. Ilimchukua saa nzima, na alilia. Mama yake hakumgombeza. Alisema neno moja tu: "Mwanangu, ungeniambia, tungelala njaa wote, lakini tusingelala na deni hili."

Kisha tukagawana. Mimi nilitoa nilichokuwa nacho. Dada yangu alirudi Tanga akawaeleza kina mama wenzake wa mchezo. Aliyekuwa na zamu ya mwezi ule akamwachia, naye akachukua zamu ya mwisho. Mwanamke huyo hana elimu ya uchumi, lakini alichokifanya ni katika maana halisi ya qardhun hasan. Madeni ya programu yalimalizwa, simu ikafutwa programu zote. Binti akaenda, kwa mara ya kwanza, katika ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi wa chuo chake. Huko akajua kuwa angeweza tangu mwanzo kuomba kulipa ada iliyobaki kwa awamu. Hakuwa akijua, kwa kuwa hakuwahi kuuliza.

Likajitokeza na jingine. Baba yake alifariki akiwa kidato cha tatu. Alizikwa siku ile ile kwa taratibu zetu, dua ikasomwa, watu wakatawanyika, na hakuna aliyekwenda kuchukua cheti cha kifo. Kwa hiyo alipoomba mkopo, uyatima wake haukuwa na uthibitisho, maana Bodi hutaka vyeti vya kuzaliwa na vya kifo vilivyohakikiwa na RITA. Ndugu zangu Waislamu, jambo hili ni letu hasa. Kuharakisha maziko ni sunna, lakini kuacha kuandikisha kifo si sunna. Cheti kile ni haki ya yatima. Sasa tumeshakipata na kukihakiki, na ombi la kuongezewa kiwango limewasilishwa kwa utaratibu wa rufaa. Majibu bado tunayasubiri, insha Allah.

Naye mwenyewe hakukaa kungoja. Utaalamu wa kupaka hina na piko aliurithi kwa bibi yake Tanga. Siku za Jumamosi na Jumapili sasa huwapaka maharusi na wageni wao, na katika wiki za mitihani huacha kabisa. Abdurrahman bin Awf (r.a.) alipohamia Madina mikono mitupu, ndugu yake wa Kiansari alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko lilipo. Mwanafunzi naye na ajiulize soko lake liko wapi: kufundisha watoto masomo ya ziada, kushona, kuchapa kazi za wenzake, kuuza visheti. Lakini soko lisimeze darasa. Mwanafunzi anayefeli kwa sababu ya biashara amekula mtaji wake mkubwa.

Yanayotupasa

Kwa mwanafunzi nasema: bumu likiingia, siku hiyo hiyo ondoa kodi ya chumba na ada, kisha igawe iliyobaki kwa wiki, si kwa mwezi. Tenga kidogo kwa ajili ya siku za kuchelewa, kwa kuwa kuchelewa kupo. Pikeni kwa pamoja watatu au wanne. Chakula cha wengi kina baraka na gharama yake ni ndogo. Kumbuka pia kuwa mkopo wa Bodi ni deni: ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowatia Waislamu wengi mashaka, iliondolewa na serikali mwaka 2021. Mwenye shaka juu ya masharti yaliyosalia ayasome mkatabani na awaulize wanazuoni.

Wala usione aibu kwa umasikini. Imamu Shafi, ambaye wengi wetu huku pwani tunafuata madhehebu yake, alikuwa yatima wa mama asiye na cha kumlipa mwalimu. Imepokewa kuwa mwalimu aliridhika naye bila ya malipo kwa vile alivyowasaidia watoto wengine darasani, na kwamba aliandika masomo yake juu ya mifupa kwa kukosa karatasi. Aibu ni kwa aliyeshiba na jirani yake ana njaa.

Kwa mzazi nasema: kabla ya mtoto kuondoka, keti naye mpige hesabu ya mwaka mzima, shilingi kwa shilingi, na umweleze kweli hali yako. Usiahidi usichokuwa nacho, maana yeye hupanga maisha yake kwa ahadi yako. Kisha kila wiki mpigie simu, na usimuulize "Habari za masomo?" peke yake. Muulize, "Leo umepika nini?" Jibu la swali hilo ni gumu kulificha.

Na kwa misikiti yetu, hasa iliyo jirani na vyuo, nasema: Suratut-Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka. Mafakiri wamo, masikini wamo, na wenye madeni wamo. Mwanafunzi muhitaji aweza kuwa katika fungu mojawapo, au yote kwa pamoja. Kwa nini basi kamati ya msikiti isiwe na mfuko mdogo wa mikopo isiyo na riba kwa wanafunzi? Shilingi 50,000 zinazorudishwa bumu likiingia zingetosha kumwepusha kijana na programu ya kwanza. Utaratibu wake umeshaelekezwa katika aya ya 282 ya Suratul-Baqara: deni liandikwe, na liwe na mashahidi. Na aya ya 280 imekwisha kutufunza kumpa muhula mdaiwa mwenye dhiki. Jambo la kuchunga ni moja: afuatwe kwa siri, asisimamishwe mbele ya safu kutangaziwa.

Wiki iliyopita alikuja tena, mchana wa saa saba, vidole vyake vikiwa na rangi ya hina. Alinisalimia, "Shikamoo, mjomba." Nikaitikia, nikamuuliza habari, akasema, "Alhamdulillah." Safari hii sikutoa nauli. Nilimvutia kiti, nikamwita mke wangu alete sahani nyingine. Akatucheka. Alikuwa ameshakula.

Allah awafungulie wanafunzi wetu milango ya riziki ya halali, awakinge na madhila ya deni, na atujaalie sisi wazee wao macho ya kuziona nyuso zao. Amin.